Korg Triton ya mtumba kwa kwaya: ninunue?

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga kinanda kwenye kwaya ya kanisa letu hapa Morogoro. Tuna Yamaha PSR tuliyoizoea, yenye midundo yake ndani. Sasa kuna mtu anauza Korg Triton ya mtumba, ya funguo 61, na vijana wa kwaya wanaitaka sana. Itatufaa kwa ibada na kwa kurekodi?
Mpiga kinanda wa kwaya, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hivyo ni vyombo vya kazi mbili tofauti. PSR inakupa mdundo tayari: unashika kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa mkono wa kushoto, ngoma na besi zinakufuata. Triton, iliyotoka 1999, haina hilo. Mdundo unautengeneza mwenyewe kwenye trak zake 16, ngoma kwanza, kisha besi, kisha gitaa. Vijana wakidhani wataiwasha na sebene lianze, watavunjika moyo Jumapili ya kwanza.

Kwa mtunzi, utamu uko hapo hapo. Ukikosea noti moja ya besi, unarekebisha noti hiyo tu. Soprano wakishindwa kufika juu, unashusha wimbo nusu sauti na mwendo haubadiliki. Vipande vya mdundo ulivyotengeneza unaweza kuvipangia funguo, ukaviita kwa kidole huku kwaya inaimba. Na tarumbeta zake! Bado nazipenda kuliko za vinanda vingi vya leo.

Kinachonitia hofu ni umeme wetu. Nyimbo ulizorekodi na sampuli ulizochukua (sauti za nje ulizoziingiza ndani yake) hukaa kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika katikati ya ibada, zote zimekwenda, na vile vipande vya mdundo pia. Usalama wake ni flopi, diski ndogo ya zamani, ya 1.44 MB: inatosha nyimbo za kupiga, lakini kwa sampuli haizidi sekunde 15 hivi za sauti ya mono. Wengi wameing'oa sehemu ya flopi na kuweka kifaa kinachosoma flashi. Kama hii unayouziwa bado haijawekewa, omba bei ishuke, na fedha itakayobaki nunua UPS ndogo, betri inayoshikilia umeme ukikatika.

Jambo jingine utaligundua ukicheza nyimbo za kuabudu zenye pedali ndefu, noti zikiendelea kulia. Triton ina sauti 62 kwa wakati mmoja. Ukipanga piano, nyuzi, kwaya na kengele pamoja, na kila moja imejengwa kwa tabaka mbili, noti moja inakula nafasi nane kati ya hizo 62. Noti ya nane ukiigusa, ya zamani inakatika. Panga tabaka chache, piano na nyuzi zinatosha.

Kabla ya kutoa fedha, soma kibandiko cha nyuma. Nyingi zilizotoka Japani ni za volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 utaiunguza, lazima uwe na transfoma ya kushusha. Gusa skrini kona zote nne, maana ndiyo njia ya kuingia karibu kila mahali, na piga kila ufunguo kwa nguvu na kwa upole. Iache imewaka saa nzima.

Kama kwenye kwaya yupo mtu wa kukaa nayo jioni akitengeneza nyimbo, inunueni. PSR msiiuze, ibada iende nayo mpaka midundo yenu ya Triton ikamilike na kuhifadhiwa.