Maswali na Majibu: Samahani Yenye "Kama"

SWALI: Mhariri, msimamizi wangu alinituhumu kikaoni, mbele ya wenzangu tisa, kwamba nimechezea hesabu za ripoti ya robo mwaka. Baada ya siku mbili ikabainika kuwa yeye ndiye aliyetumia faili la zamani. Alipita mezani kwangu wenzangu walipokuwa wametoka, akasema, "Kama nilikukwaza, samahani," akaenda zake. Ofisi ya rasilimali watu inasema nikiendelea na malalamiko nitaonekana mkaidi, kwa kuwa radhi nimeshaombwa. Je, nalazimika kukubali?

JIBU: Hulazimiki. Neno "kama" limeliondoa kosa kwake na kulitua juu ya hisia zako, kana kwamba tuhuma ile ingekuwa halali laiti usingekwazika. Radhi ya kweli hukitaja kitendo: "Nilikutuhumu kuchezea hesabu, haikuwa kweli, nilifungua faili la zamani bila kuhakiki." Tena, kwa kuwa jina lako lilichafuliwa kikaoni, huko huko ndiko linakopaswa kusafishwa, maana wale tisa waliosikia tuhuma hawakuisikia samahani.

Uliza pia kama tuhuma hiyo iliingia kwenye muhtasari wa kikao au kwenye jalada lako. Ikiwa iliingia, muhtasari usahihishwe kwa maandishi, kwa sababu msimamizi atakayekuja baada ya huyu hatajua kwamba mlipatana, atasoma kilichoandikwa. Binafsi, nikilazimika kuchagua kati ya radhi ya machozi na jalada lililosahihishwa, nitachukua jalada.

Iombe ofisi hiyo iwakutanishe mbele ya msuluhishi ambaye si rafiki wa yeyote kati yenu, nawe ueleze bayana unachotaka. Usidai adhalilike, kwani anayelazimishwa kupiga magoti huinuka na kinyongo, na huyo ndiye atakayejaza tathmini yako ya mwaka. Kupokea radhi na kufuta malalamiko ni mambo mawili tofauti. Ukiletewa karatasi moja inayoyaunganisha, usitie saini kabla marekebisho hayajafanyika.

SWALI: Mimi ni meneja. Mfanyakazi wetu aliumia kazini, na mwanasheria wa kampuni amenikataza kumwomba radhi kwa sababu itakuwa ni kukiri kosa. Nifanyeje?

JIBU: Hofu ya mwanasheria wako ina msingi, ila si kila mahali. Jimbo la British Columbia nchini Kanada lilitunga sheria mwaka 2006 inayosema kuwa kuomba radhi hakuhesabiwi kuwa ni kukiri kosa katika kesi ya madai, na Hong Kong ikatunga sheria yenye shabaha hiyo mwaka 2017. Mwulize mwanasheria sheria ya mahali mlipo inasemaje, badala ya kuridhika na katazo la jumla.

Wakati mkisubiri jibu, Kiswahili kinakupa nafasi: "pole" humfariji aliyeumia bila kusema nani amekosa, ilhali "samahani" hubeba kosa. Nenda leo ukampe pole, umweleze hatua zilizochukuliwa ili mwingine asiumie vilevile, lakini usiifanye pole hiyo mbadala wa samahani, ikiwa uchunguzi utaonyesha kwamba mashine ilikuwa mbovu nanyi mlikwisha kuarifiwa.