Usiiuze hiyo darubini: jibu kwa mwenzetu wa Tabora

Mkuu mleta mada, umesema una darubini ya milimita 70 uliyonunua kwa mtu, Tabora moshi umezidi, taa ya jirani inamulika uani kwako, na kila ukiielekeza kwa sayari ya Mshtarii (Jupita) unaona donge la ukungu. Umeuliza pia stendi yake unaipangaje kwa Nyota ya Kaskazini, au uiuze tu yaishe. Usiiuze. Mimi ninayo ya kipimo hicho hicho, naitumia uani kwangu hapa Ujiji, na mwaka wa kwanza nusura nikate tamaa kwa mambo hayo hayo.

Tuanze na hilo donge. Umeweka lenzi ya jicho (ile unayochungulia) ya milimita 4 ukaongeza na lenzi ya Barlow, ile ya kuzidisha ukuzaji, ya mara 3. Urefu wa fokasi wa darubini yako, yaani umbali kutoka kioo cha mbele hadi mwanga unapokutana, ni milimita 700. Gawa kwa 4, zidisha kwa 3, unapata ile "mara 525" iliyoandikwa kwenye boksi. Kioo cha milimita 70 hakina uwezo huo hata kidogo. Mwisho wake ni kama mara mbili ya kipenyo, yaani 140, tena hewa ikiwa imetulia kabisa. Ukizidisha hapo unakuza ukungu tu. Toa Barlow. Weka lenzi ya 25, ambayo ni mara 28, itafute sayari, ilete katikati, ndipo uhamie ya 10, mara 70. Hapo utaona mikanda miwili ya Mshtarii na miezi yake minne, ile ile aliyoiona Galileo Januari 1610, imejipanga mstari pembeni mwake. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilienda kumwamsha mke wangu.

Moshi ni kweli upo. Kiangazi, kuanzia Juni hivi hadi mvua zinapokaribia, mapori ya miombo na mashamba yanachomwa, na huku kwetu mwingine unavuka ziwa kutoka upande wa Kongo. Lakini moshi unafuta vile vitu hafifu: galaksi, mawingu ya gesi. Galaksi ya Andromeda iache hadi Novemba, mvua za kwanza zikishaosha anga. Mwezi, sayari na nyota pacha haziathiriki kiasi hicho. Tena usiku wa utusitusi mara nyingi hewa imetulia, na kwa sayari utulivu wa hewa una maana kuliko giza. Tazama nyota kwa macho kabla hujatoa chochote nje: zikimetameta sana, sayari nayo itacheza kwenye lenzi hata kama anga ni jeusi tii.

Na bati, mkuu. Hili lilinichukua miezi kulielewa. Bati likishinda juani linatoa joto hadi usiku, na ukichungulia juu ya paa la jirani picha inachezacheza kama kitu kilicho chini ya maji ya mto. Nilidhani lenzi ni mbovu. Nikahamisha stendi upande wenye mwembe na kichanja cha majani, tena nikawa nasubiri hadi saa nne usiku, tatizo likaisha.

Taa nazo nimezijua vizuri. Usiku wa giza, usio na mwezi, ndio wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa zao, na upande wote wa magharibi unang'aa kama mji mwingine umeota majini. Usiku ninaouhitaji mimi ndio wanaouhitaji wao, na wao wanatafuta riziki. Kwa hiyo giza likiingia natazama mashariki na kusini. Mbalamwezi ikirudi, nyavu zikianikwa, nautazama mwezi wenyewe. Kwa taa ya jirani yako, kwanza ongea naye. Umwite aone sayari ya Zohali. Wangu alipoziona zile pete alianza kuizima mwenyewe. (Ukiziona nyembamba usiogope. Machi 2025 zilitugeukia ubavu kabisa, sasa zinafunguka taratibu.) Akikataa, jifunike kitenge kizito kichwani pamoja na lenzi. Macho yanahitaji nusu saa bila mwanga, simu ikiwemo.

Stendi: Nyota ya Kaskazini huipati. Tabora iko kama digrii 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho mwaka mzima, na ncha ya kusini ya anga, pale nyota zinapopazunguka, iko digrii 5 tu juu ya ardhi, nyuma ya nyumba za watu. Stendi nyingi za mhimili ulioinama, zile zinazolengwa kwenye ncha ya anga, hata hazishuki hadi hapo. Kama yako inaruhusu, simamisha mhimili wima kabisa uitumie ya kulia-kushoto na juu-chini. Mimi fundi seremala alinichongea ya mninga. Nzito, lakini haitikisiki.

Ukishazoea, mwisho wa Mei saa nne usiku tazama kusini, kushoto kwa Msalaba wa Kusini. Alpha Centauri kwa macho ni nyota moja. Kwa mara 70 zinakuwa mbili. Juu yake kuna Omega Centauri, kundi kubwa la nyota zilizosongamana: usiku safi, kwa mara 28, ni kama vumbi la unga lililokusanyika. Novemba weka lenzi ya 25 kwa kundi la nyota la Kilimia.

Kama kuna watoto nyumbani, usiiache nje mchana. Jua kupitia darubini linapofusha papo hapo, na kile kioo cheusi kidogo cha kutazamia jua kinachofungwa kwenye lenzi hupasuka kwa joto, kitupe.

Mwezi ukifika siku ya saba, weka lenzi ya 25 na ufuate mstari ule giza linapokutana na mwanga. Mashimo yake hapo yana vivuli virefu. Kisha njoo hapa utuambie umeona nini.