Nimuombe radhi mdogo wangu mbele ya familia?

Shangazi, shikamoo. Mimi na mdogo wangu wa kiume hatusemezani tangu mazishi ya baba. Siku ile, mbele ya wajomba, nilimwambia hakumuuguza baba, amekuja kuchukua urithi tu. Baadaye nikajua ndiye aliyekuwa akilipa dawa kimyakimya. Krismasi hii sote tunakutana kwa mama, naye amesema lazima atuone meza moja. Nataka nisimame mbele ya wote nimuombe radhi, yaishe. Nitakuwa nimekosea?
Dada Mtu

Marahaba, mwanangu. Nia yako ni njema, ila usifanye hivyo. Ukisimama mbele ya watu wazima na watoto ukalia, mdogo wako atafanya nini? Atasema amekusamehe kwa sababu kila jicho linamtazama yeye, na moyoni atarudi nyumbani na kidonda kilekile. Hapo utakuwa umemfedhehesha mara ya pili.

Muombe radhi sasa, kabla ya sikukuu, ninyi wawili tu. Biblia yenyewe, katika Mathayo 5, inamwambia mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende akapatane na ndugu yake kwanza, ndipo arudi kuitoa.

Kwa kuwa hamsemezani, mwandikie. Usimtumie sauti ndefu ya kilio, maana utamfanya aanze kukubembeleza wewe. Andika hivi: “Mdogo wangu, siku tunamzika baba nilikutukana mbele ya wajomba. Nilisema uongo, maana dawa ulikuwa unalipa wewe. Naomba unisamehe. Ukiniruhusu, nitawaambia wajomba ukweli.” Ishia hapo. Ukiongeza tu “lakini na wewe ulikuwa huonekani,” umeharibu yote.

Hilo la wajomba nimelitia kwa makusudi. Ulimchafua hadharani, kwa hiyo jina lake lisafishwe kwa walewale waliosikia, ila yeye ndiye aamue lini na vipi.

Huenda asijibu. Usimtume mama, wala usimhesabie siku. Katika Biblia, Yakobo alimkosea kaka yake Esau, akakaa mbali naye miaka 20, na alipokuwa anarudi alitanguliza zawadi kwa hofu. Esau alimkimbilia, akamkumbatia, wakalia. Watu wengi huishia hapo kusimulia. Mimi napenda kinachofuata: Esau alitaka wafuatane, Yakobo akaomba aende taratibu, kisha mmoja akaenda Seiri, mwingine Sukothi. Walipatana bila kuhamia pamoja, na baba yao Isaka alipofariki walimzika wote wawili. Wewe pia usidai urafiki wa utotoni urudi kwa siku moja.

(Ningekuwa najibu mtu aliyepigwa au kunyanyaswa na ndugu yake, ningesema mengine. Huyo asilazimishwe kukaa na aliyemuumiza eti kwa sababu ni Krismasi.)

Mama mpigie wewe. Mwambie umeshaandika, na umwombe asimlazimishe kijana kuja tarehe 25. Katika kalenda ya makanisa mengi msimu wa Krismasi unafika hadi Epifania, tarehe 6 Januari, basi anaweza kuja siku yoyote nyumba ikiwa imetulia. Akija, msalimie, mpe kiti, muulize habari za watoto. Mazishi usiyataje mpaka ayataje yeye.