Pachi ya fentanili inahesabiwa kwa saa, si kwa dakika

Wadogo zetu mnaoanza staji, karibuni. Kila kundi jipya linaingia na makosa yaleyale ya kundi lililopita, na pachi, kile kibandiko cha ngozini chenye fentanili, dawa kali ya maumivu ya jamii ya morfini, ndiyo inayotuumiza kichwa zaidi. Mtu anaandika kwenye fishi (karatasi ya mgonjwa) "fentanili 25, imebandikwa", basi. Saa ngapi? Mgongoni au kifuani? Zamu inayofuata inalazimika kumgeuzageuza mama mwenye kansa ya mifupa, analia, wakati wao wanatafuta kitu chenye ukubwa wa stempu.

1. Andika tarehe, saa, nguvu na mahali. Iliyobandikwa Jumatatu saa tatu asubuhi inabanduliwa Alhamisi saa tatu asubuhi, yaani saa 72. Ya zamani inatoka kwanza, ndipo mpya inabandikwa, tena mahali pengine.

2. Pachi si ya mtu aliyepasuliwa jana. Ni ya maumivu ya kudumu, kwa mgonjwa ambaye mwili wake umekwisha kuzoea dawa za jamii ya morfini: angalau miligramu 60 za morfini ya kunywa kwa siku, kwa wiki nzima au zaidi. Asiyezoea, hata ile ya mikrogramu 25 kwa saa inaweza kumkata pumzi.

3. Hapa kaeni chini. Ni usiku wa kwanza. Pachi imebandikwa saa nne asubuhi, sasa ni saa mbili usiku na mzee bado anaugulia. Watoto wake wamekusimamia mlangoni: "Dada, hii dawa yenu inafanya kazi kweli?" Roho inakuuma. Unafungua kabati, unambandika ya pili.

Sisi tuliowatangulia tunalijua kosa hili vizuri, kwa sababu ni letu pia. Linafanywa kwa huruma, ndiyo maana ni gumu kulikomesha. Dawa haitoki kwenye pachi moja kwa moja hadi damuni. Inaingia kwenye ngozi, inajiwekea akiba humo, na kutoka kwenye akiba hiyo ndipo damu inachota. Kiwango kinapanda polepole na kutulia kati ya saa 12 na 24. Kwa hiyo saa mbili usiku pachi ya kwanza haijashindwa, bado iko njiani. Alfajiri itakuwa imefika, na ile ya pili itazidi kupanda juu yake mchana kutwa.

Na asubuhi hakuna anayeshtuka. Mzee amenyamaza, familia inamshukuru Mungu kwamba amepata usingizi. Sogea karibu. Anakoroma kwa sauti nzito, kisha kimya, kisha pumzi moja ndefu. Hesabu dakika nzima kwa saa ya mkononi: pumzi 7 au 8. Inua kope: mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Huo si usingizi.

Bandua pachi zote. Mwite kwa sauti, mtikise, mwambie avute pumzi. Oksijeni, ambu (mfuko wa kumsukumia pumzi) ikibidi, daktari aitwe na naloksoni, dawa inayozima nguvu ya dawa za jamii ya morfini, iletwe. Naloksoni inapewa kidogo kidogo mpaka pumzi irudi, maana ukiisukuma yote kwa mara moja maumivu yote yanarudi kwa kishindo. Kisha usiondoke! Naloksoni inaweza kuisha nguvu ndani ya saa moja, lakini akiba ya kwenye ngozi inaendelea kumwaga dawa. Baada ya kubandua, kiwango cha damuni kinaweza kuchukua saa 20 au zaidi kushuka nusu. Mgonjwa anaamka, anaomba uji, kila mtu anashangilia, halafu saa mbili baadaye anazama tena. Mwangalieni kwa saa 24 angalau, na naloksoni iwe karibu ya kurudia.

Usiku ule wa kwanza alihitaji nini basi? Morfini yake ya kunywa, iendelee kama ilivyoagizwa kwa saa 12 za mwanzo, kisha dozi za nyongeza maumivu yanapochomoza. Pachi yenyewe haipandishwi kabla ya siku 3.

4. Joto linaharakisha dawa. Mwezi wa sita na wa saba, Lubumbashi ikishika baridi, mgonjwa anasogezwa karibu na mbabula (jiko la makaa), au mama mkwe anamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Anamkanda palepale panapouma, na stajere ndipo alipobandika pachi, akidhani inafanya kazi kama dawa ya kuchua. Haifanyi hivyo, inapitia damuni. Homa nayo ni joto: ya nyuzi 40 inakadiriwa kupandisha fentanili damuni kwa karibu theluthi moja. Malaria ikipanda, hesabu pumzi mara nyingi zaidi.

5. Ngozi isafishwe kwa maji matupu, bila sabuni, mafuta wala alkoholi, ikauke. Nywele zikatwe kwa mkasi, zisinyolewe kwa wembe. Gandamiza kwa kiganja sekunde 30. Pachi haikatwi nusu.

6. Uliza dawa nyingine. Ritonaviri ya VVU, ketokonazoli ya fangasi na klaritromisini, ambayo ni antibiotiki, zinapandisha fentanili damuni. Rifampisini ya kifua kikuu inaishusha, na siku rifampisini inapokoma, dozi ileile inaweza kuwa kubwa mno. Na kila mgonjwa apate dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.

7. Pachi iliyotumika bado ina dawa nyingi. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza visa 26 vya watoto waliopatwa na pachi hizi tangu 1997. 10 walikufa, wengi wa hao 26 wakiwa na miaka 2 au chini. Mtoto anaiokota sakafuni na kuitia mdomoni, au analala kifuani kwa bibi na pachi inahamia kwake. Ikunjwe katikati, gundi kwa gundi. Hospitalini irudi farmasia, ihesabiwe. Nyumbani itumbukizwe chooni, si kwenye pipa la taka. Mpe bibi pachi ya mfano isiyo na dawa, aikunje kwa mikono yake mbele yako, aseme itaenda wapi na nani ataibandua Alhamisi. Akishindwa kurudia, keti naye uanze upya kabla hajatoka.