Shangazi, mume wangu alitoka jeshini akaingia reli, nyumbani hatumpati

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu alistaafu jeshi 2019 baada ya miaka 20. Somalia alienda mara mbili. Sasa yuko gengi la reli huko Nakuru, mimi na watoto tuko Muhoroni. Mshahara analeta. Lakini akija wikendi analala kwenye sofa, buti zake kando zikiwa zimeelekezwa mlangoni. Alibandika ratiba jikoni: saa ya kuamka, ya kufagia, ya kula. Niliichana, tukanuniana siku mbili. Usiku mmoja nilimgusa akiwa ndotoni akanikamata mkono hadi ukavimba, kisha akalia. Kila Januari huwa mbaya zaidi, na pombe huongezeka. Mama mkwe anasema amerogwa, majirani wanasema ana mwanamke Nakuru. Kijana wetu wa miaka 13 anasema afadhali baba asije. Nifanyeje?*
*Mama wa watatu, Muhoroni*

Marahaba, binti yangu. Huyo mwanamke wa Nakuru nimemtafuta katika barua yako yote nikamkosa. Mshahara unafika, mtu mwenyewe anafika. Njia ya reli ya Nakuru hadi Kisumu ni kilomita 217, inapanda hadi Mau Summit kisha inateremka Londiani na Fort Ternan, daraja baada ya daraja, hadi kwenu kwenye miwa. Mvua ikizidi udongo huporomoka, na watu wa gengi huitwa saa yoyote. Asipokuja wikendi, muulize zamu yake kabla ya kumuuliza jirani.

Kilichonishtua ni Januari. Kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde, kule Somalia, ilishambuliwa tarehe 15 Januari 2016. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Januari, ikawa zamu ya kambi ya Kulbiyow, huko huko Somalia. Tulipoteza vijana wengi. Hukuniambia mumeo alikuwa wapi siku hizo, na huenda hata wewe hajakwambia, lakini aliyevaa sare miaka 20 hakosi mtu aliyemjua kati ya waliozikwa. Mwili una kalenda yake. Mwezi ukifika usingizi unakatika, moyo unaenda mbio, naye anaitafuta chupa ili alale. Pombe humlaza saa mbili tatu, halafu ndoto zinarudi kwa nguvu zaidi.

Hicho ni kiwewe cha vita. Ni ugonjwa, una tiba ya mazungumzo na dawa, na watu hupata nafuu. Hospitali ya Jaramogi pale Kisumu, ile bado tunaiita Russia, hutibu magonjwa ya akili. Hospitali ya rufaa ya Nakuru pia, na hiyo iko karibu na kazi yake. Usimwambie "una wazimu, nenda hospitali." Mwambie, "Baba watoto, hulali, nami naogopa kulala. Twende wote." Akikataa daktari, huenda akakubali mwanajeshi mwenzake. Kuna DEFOCA, chama cha wanajeshi wastaafu. Na tangu 2022 tuna sheria ya wanajeshi wastaafu inayowagusa hata wanaowategemea, kwa hivyo ulizia haki zenu huko bila aibu.

Usimguse tena akiwa ndotoni. Simama mlangoni, washa taa, mwite kwa jina hadi ajue yuko wapi. Sofa mwachie kwa sasa.

Sasa ratiba. Uliichana kwa sababu uliona anakuja kukutawala, na nakuelewa kabisa. Miaka 20 wewe ndiye uliyeuguza watoto, ukatafuta karo, ukabishana na watu wa kupima miwa. Hiyo nyumba imesimama kwa mikono yako. Lakini mtazame na yeye akiingia: kila kitu kina mwenyewe, watoto wanaomba ruhusa kwa mama, hakuna anachosubiriwa kufanya. Kule kwenye gengi kuna msimamizi, kuna filimbi, kuna wanaume wanaolindana treni inapokaribia. Anajua nafasi yake. Kwa hiyo mkabidhi jambo moja liwe lake kabisa, miwa kwa mfano, kuanzia palizi hadi malipo, na usimkosoe hata akifanya tofauti na wewe. Ratiba iandikeni upya pamoja, watoto wakiwepo, na jina lake liwemo kwenye kufagia.

Mama mkwe usigombane naye. Maombi yake aendelee nayo, ila yasichukue nafasi ya kliniki.

Hili nalisema kwa uzito: mkono uliovimba akiwa usingizini ni jambo moja, kukupiga au kupiga watoto akiwa macho ni jambo lingine, na vita havimpi ruhusa hiyo. Ikitokea, toka na watoto kwanza, piga 1195, namba ya msaada kwa wanaodhulumiwa nyumbani, ni bure.

Kijana wako usimlazimishe kumpenda baba kwa amri. Mwambie ukweli unaolingana na umri wake: baba anaumwa, si kosa lako, na ukiona amelewa una ruhusa ya kwenda kwa nyanya bila kuuliza. Halafu umwombe mumeo, siku akiwa mtulivu, amchukue hadi stesheni ya Muhoroni amweleze kazi yake: reli inavyokazwa, na kwa nini upana wa njia lazima ubaki mita moja kamili hadi Kisumu. Wewe baki nyumbani siku hiyo.