Toa mkono kwenye kufuta, dada wa Masasi

Umesema unataka kufuta rasimu zote za mwanzo ubaki na insha za mwisho tu, "potifolio ipendeze" (yaani ule mkusanyo wa kazi zako za uandishi), halafu ukauliza uweke kazi ngapi, rangi gani, na tafakuri, yale maelezo ya ulichojifunza, iwe ndefu kiasi gani. Rangi weka yoyote. Hapo pa kufuta ndipo panapoua.

Mimi nimesomea ualimu hapa hapa Mtwara. Somo la uandishi lilidai potifolio ya mtandaoni: insha, rasimu zake, na tafakuri chini ya kila kazi. Kaka mmoja aliyetutangulia, mwenye laptop na maneno mengi, akaniambia, "Mdogo wangu, nani anaanika uchafu wake? Mwalimu anataka kitu kilichonyooka." Nikafuta. Kumbe mwenyewe enzi zake walikusanya majalada ya karatasi, ya mtandaoni hajawahi kuiona hata kwa bahati mbaya! Na ushauri alitoa kwa sauti ya profesa.

Insha yangu ilihusu kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenye mikorosho. Rasimu ya kwanza ilianza, "Korosho ni zao la biashara linalolimwa katika mikoa ya Mtwara na Lindi", sentensi ambayo kila mtoto wa Newala anazaliwa nayo. Mwalimu akauliza pembeni: "Nani anapuliza? Saa ngapi?" Nikaandika upya, ikaanza na mama anajifunga kanga puani alfajiri, anawahi kabla upepo haujaanza, maana ukishaanza salfa inaishia machoni mwako badala ya kwenye maua. Safari ya kutoka sentensi ile hadi hii ndiyo iliyokuwa inasahihishwa. Na ile ya kwanza sikuwa nayo.

Kwenye tafakuri nikaandika, "Nimejifunza mengi na uandishi wangu umeboreka sana." Umeboreka kutoka wapi? Mwalimu aliuliza hivyo hivyo. Nikajaribu kuitunga upya rasimu ya kwanza. Umewahi kughushi makosa yako mwenyewe? Bora kuandika insha nzima. Yalitoka makosa yenye adabu mno, yakagundulika. Alama nilizopata sizitaji hapa, mtanichangia.

Na usiniambie Google Docs inatunza historia. Inatunza, ila ukimpa mwalimu linki ya kusoma tu, historia hiyo haioni. Ukinakili faili, nakala inaanza moja, historia imebaki kule. Kwa hiyo kila rasimu iwe na faili lake. Kabla hujagusa hata nukta, nakili, ipe nakala namba inayofuata na tarehe, ndipo uhariri hiyo nakala. Maoni ya mwalimu yapige picha ya skrini uyaweke hapo hapo.

Ukifika kwenye tafakuri, weka sentensi ya zamani na mpya zikiwa zimeongozana, useme nani alikusukuma kubadilisha na wapi ulimkatalia. Mimi baadaye nilimkatalia mwalimu neno moja, nikaeleza kwa nini, na hapo ndipo aliponisifia.

Hayo mengine uliyouliza wengine watakuja kukujibu, mimi nimeshapandwa na hasira. Kama umeshaanza kufuta, nenda kwenye pipa la Google Drive: vilivyofutwa hukaa humo siku 30, kisha vinapotea moja kwa moja; na kama kuna mtu ameshalimwaga pipa lenyewe, basi vimeshapotea. Nenda sasa hivi. Kama shida ni bando, njoo inbox nikurushie.