Kabla hujauliza mchoro wa kale una maana gani, uliza umepitia nini

Watu wanaojua jinsi ninavyopenda michoro ya kale ya Ulaya huniuliza waanzie wapi. Wengi wameshaisikia Mona Lisa, wakaitafuta mtandaoni, wakamwona mwanamke anayetabasamu nusunusu, basi, wakafunga ukurasa. Siwalaumu. Ushauri wangu kwao huwa ule ule: achana kwanza na maana, uliza mchoro huo umepatwa na nini. Hivi ni vitu vya mbao, vitambaa na mafuta, na vingi vimeishi zaidi ya miaka 350. Vimekatwa, vimeibwa, vimepakwa rangi na mikono ya watu wengine. Ukishajua hayo, macho yenyewe yanaanza kutafuta.

Mimi humwanzishia kila mtu na Doria ya Usiku ya Rembrandt, mchoraji Mholanzi, iliyoko makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Ni ya mwaka 1642. Walioagiza ni askari wa mgambo wa jiji hilo, waliotaka kujiona ukutani mwa ukumbi wao. Jina tunalolitumia lilikuja zaidi ya miaka 100 baadaye, vanishi iliyopakwa juu ya rangi ilipokuwa imeshachakaa na kuwa nyeusi, watu wakaamini ni usiku. Kumbe ni mchana! Tazama katikati: Kapteni Frans Banninck Cocq amenyoosha mkono wa kushoto mbele, na kivuli cha mkono huo kimeangukia koti la manjano la luteni wake, vidole vyote vikionekana. Kisha sogea kushoto kidogo umwone msichana mwenye nguo ya rangi ya dhahabu, kiunoni kaning'iniza kuku aliyekufa, miguu juu. Kucha za ndege zilikuwa alama ya kikosi hicho.

Sasa angalia kingo. Mwaka 1715 mchoro ulihamishiwa jengo la halmashauri ya jiji, na kwa kuwa haukuenea mahali palipotengwa, ukakatwa pande zote nne. Kushoto ndiko kulikopotea kipande kikubwa, pamoja na watu wazima wawili na mtoto mmoja, na vipande hivyo havijaonekana tena. Tunawajua watu hao kwa sababu mchoraji mwingine, Gerrit Lundens, alikuwa ameshatengeneza nakala ndogo. Ndiyo maana leo kapteni yuko katikati barabara. Rembrandt alimweka kulia zaidi, kikosi kikionekana kinaondoka kwenda kwenye nafasi iliyokuwa wazi mbele yake. Mwendo ule wote ulipunguzwa na kisu. Kila nikiutazama naumia.

Makumbusho hayo yameweka mtandaoni picha ya mchoro huo yenye pikseli bilioni 717, na haitozwi chochote. Ifungue mahali penye Wi-Fi, maana itakula bando, halafu kuza hadi uone nyufa za rangi. Kwa kujifunza, nyufa hizo zimenifaa kuliko maelezo mengi niliyowahi kusoma.

Wa pili ninaoupendekeza ni wa Mholanzi mwingine, Johannes Vermeer, uliopo Dresden, Ujerumani: msichana anasoma barua mbele ya dirisha lililo wazi. Kwa zaidi ya miaka 250 ukuta wa nyuma yake ulionekana mtupu, na watu wakausifu utupu huo. Mwaka 1979 eksirei ilionyesha kwamba chini ya rangi kuna Kupido, mungu wa mapenzi wa Warumi. Iliaminika Vermeer mwenyewe ndiye aliyemfuta. Uchunguzi wa baadaye ukakuta vanishi ya zamani na uchafu katikati ya matabaka mawili ya rangi, yaani miaka mingi ilipita kati ya kuchorwa na kufunikwa, na Vermeer alikuwa ameshafariki. Mafundi wakaikwangua rangi hiyo polepole, chini ya hadubini, na mwaka 2021 Kupido akaonyeshwa hadharani. Barua sasa inasomeka kuwa ya mapenzi. Tafuta picha za kabla na baada, uziweke pamoja.

Msichana mwenye Hereni ya Lulu, wa Vermeer huyo huyo, uliuzwa mnadani The Hague mwaka 1881 kwa gulden mbili tu (fedha ya zamani ya Uholanzi), hali yake ikiwa mbaya. Giza la nyuma yake lilikuwa pazia la kijani ambalo rangi yake imefifia. Ukiikuza hereni utakuta haina hata kishikizo: ni miguso michache ya rangi nyeupe, jicho lako linamalizia.

Jambo la mwisho ni vipimo. Simu huifanya michoro yote ionekane na ukubwa mmoja, kwa hiyo soma sentimita kila mara. Mona Lisa ina 77 kwa 53, ndiyo maana mwizi Vincenzo Peruggia aliweza kutoka nayo Louvre, makumbusho ya Paris, mwaka 1911. Mabalozi ya Hans Holbein, ya mwaka 1533, ina zaidi ya mita mbili kila upande. Sakafuni mwake kuna kitu kirefu cha kijivu kisichoeleweka. Ukiwa National Gallery, London, ambako kuingia ni bure, sogea kulia mpaka karibu na ukuta, uutazame mchoro kwa ubavu: kitajikusanya kiwe fuvu la binadamu. Kwenye simu pia unaweza, ukiilaza na kuchungulia kutoka ukingo wa kulia.